Kivuli cha Buluu Juu ya Theluji

Vaumesnil, 14 Januari 1873

Firmin,

Vidole vimekufa ganzi, kwa hiyo usome mwandiko huu kwa huruma. Theluji imeanguka siku tatu bila kupumzika, na leo jua limetoka. Tangu saa mbili asubuhi nilikuwa ng'ambo ya mto, kwenye shamba la mitufaha, nimevaa koti la marehemu mjomba juu ya koti langu, na soksi jozi tatu. Nilitetemeka mpaka kila nilipogusa turubai brashi iliacha alama mbili badala ya moja. Nimeziacha zote mbili. Nafasi ya kuzilainisha haipo. Ukilainisha moja, jua limeshahama.

Sasa sikiliza nilichokiona. Kivuli cha mtufaha juu ya theluji ni buluu. Si kijivu, si kahawia. Ni buluu kabisa, na ukingoni inaingia zambarau. Wewe na mimi tulifundishwa na mwalimu mmoja, katika chumba kimoja, wanawake asubuhi na wanaume mchana, tukipishana ngazini na mikono michafu, kwamba kivuli ni kahawia iliyotiwa nyeusi kidogo. Miaka kumi na miwili nimekipaka hivyo. Tulikuwa tukichora nje kwa penseli, kisha tunarudi kupaka ndani karibu na jiko, na kando ya jiko kila kivuli ni kahawia kweli. Siku hizi rangi zinauzwa ndani ya tyubu za bati, mtu anabeba duka zima begani hadi shambani, na hana tena kisingizio cha kukumbuka vibaya.

Shangazi Zélie aliniletea supu, akasimama nyuma yangu, kisha akasema, "Mwanangu, mbona theluji yako kama imepigwa ngumi?"

Masista wa Évreux wameandika tena. Wanataka mwalimu wa kuchora: chumba, chakula, watoto arobaini, maua ya kunakili kutoka vitabuni. Nimemwahidi shangazi hivi: majaji wa Maonyesho Makuu ya Paris wakinikataa mara ya nne, nitakwenda Évreux na sanduku la rangi litabaki hapa darini. Wakinipokea, hataniuliza tena.

Nitumie zambarau ile mpya, tyubu tatu. Nne. Haraka, kabla theluji haijayeyuka.

Honorine

*

Paris, 19 Januari 1873

Honorine,

Tyubu nne zimo ndani ya kifurushi hiki. Muuzaji aliniuliza kama nimefungua kiwanda cha kanzu za maaskofu.

Nakusoma na ninacheka, halafu naacha kucheka. Unajua majaji wanavyofanya kazi? Wanapitishwa mbele ya mamia ya picha kwa siku, miguu inawauma, matumbo yanaunguruma. Wanachotaka ni kuona kwamba kazi imekwisha. Zako, nisamehe, huonekana kama uliitwa mezani ukaziacha hapohapo. Ukishakataliwa wanapiga muhuri wa herufi R nyuma ya fremu, na mnunuzi yeyote akiigeuza anaiona. Wewe unazo tatu za namna hiyo.

Lainisha kidogo tu. Angalau mbele, pale jicho linapoingilia. Nani atakufa?

Mimi nipo na wafu wangu. Kanisa moja limeniletea picha kuukuu ya mtakatifu, mweusi kama sufuria kwa moshi, namsafisha kwa pamba, kipande kwa kipande, ukubwa wa kiganja kwa siku. Mwaka wa tisa huu sijapaka cha kwangu, na ninalala vizuri.

Vaa glavu.

Firmin

*

Vaumesnil, 27 Februari 1873

Firmin,

Nakuandikia kitandani. Nilirudi nyuma hatua tatu ili niitazame picha, na hatua ya nne haikuwepo. Niliporomoka ukingoni hadi kwenye barafu na mguu ukavunjika mahali pawili. Daktari Auzoux ameufunga kwa mbao na anasema wiki kumi na mbili. "Bi Honorine," akaniambia, "wenzako wanavunjika miguu wakienda dansi." Turubai haikupata hata mkwaruzo. Mvulana wa jirani aliikuta imesimama peke yake juu pale, inaangalia mto.

Imekwisha, Firmin. Haijalainishwa popote. Shamba, mitufaha, mwanamke anapita na ndoo mbili, na vivuli vinavyomjia miguuni. Ni kitu cha kwanza nilichofanya maishani ambacho sikukiiba kwa mtu.

Naituma kwa treni wiki ijayo. Sina mwingine wa kumwamini. Uitie fremu ya dhahabu wanayoitaka, uipeleke kabla ya tarehe ishirini Machi, uandike anwani yako ili majibu yaje kwako. Nimekuwekea barua ya ruhusa ndani. Siwezi kulala chali hivi wiki kumi na mbili, nitapasuka. Andika kila siku. Sawa, kila wiki.

Honorine

*

Paris, 20 Machi 1873

Honorine,

Turubai ilifika tarehe kumi na mbili. Ilikaa chumbani kwangu siku sita, kisha nikaipeleka. Mpokeaji aliitazama, akaandika namba, akasema, "Mandhari ya theluji, haya," basi.

Usiniulize naionaje. Niliyoweza kufanya nimefanya. Unajua jinsi ninavyotaka usiende Évreux.

Pumzisha mguu, na unisamehe barua hii kuwa fupi. Mtakatifu wangu ananisubiri.

Firmin

*

Vaumesnil, 16 Aprili 1873

Firmin! Firmin! Firmin!

Telegramu yako imefika wakati shangazi anakamua mbuzi. Nilipiga kelele, akaja mbio akidhani nimeanguka kitandani. "Wamenipokea," nikamwambia. Akakaa kwenye kiti, ndoo mkononi. "Pamoja na zile ngumi?" Nikasema, pamoja na zile ngumi! Akalia, mwanamke huyu ambaye hakulia hata alipomzika mume wake.

Unaelewa maana yake? Wazee wale, wenye miguu ya kuuma, wamesimama mbele ya buluu ile na wameinua mikono kuipigia kura. Hawakuiona kama ukichaa. Wameona theluji. Kwa hiyo waliotuambia kwamba haiwezekani walikuwa wanatutisha tu, na sisi tukatishika, na wewe, Firmin, ulitishika miaka tisa. Siandiki haya kukuumiza. Nataka uamke.

Nimewajibu masista. Nimewashukuru na kuwakatalia, barua imeondoka asubuhi hii hii. Tyubu ya nyeusi nimemwambia shangazi aitupe motoni. Imetoa moshi mbaya. Nimesogezewa kitanda dirishani na ninapaka nguo zilizoanikwa, kwa rangi za kitoto: chungwa, kijani, zambarau, zikigombana ubavu kwa ubavu bila kuchanganywa. Sikuwa na ujasiri huu mwezi uliopita. Wamenipa wao.

Niambie imetundikwa wapi. Niambie kila kitu.

Honorine

*

Paris, 22 Aprili 1873

Honorine,

Pongezi zangu zote unazijua.

Ungeniuliza kabla ya kuwajibu masista. Kupokelewa mara moja si mkataba wa maisha. Huenda bado hawajapata mtu mwingine. Ukiwaandikia leo watakuelewa.

Na kama unawaza kuja Paris, usithubutu. Kuna ngazi, kuna umati, watu wanakanyagana. Na mguu wako? Maonyesho yanafunguliwa Mei tano. Nitakwenda kwa niaba yako na kukueleza.

Zile nguo zilizoanikwa, usiharakishe nazo.

Firmin

*

Vaumesnil, 25 Mei 1873

Firmin,

Umenieleza nini? Mistari minne katika mwezi mzima. Imenibidi nielezwe na wengine, na hawaelezi picha yangu.

Kasisi ameniletea gazeti la Paris. Nakunakilia: "Katika chumba cha herufi Q tumependezwa na theluji ya Bi Quesnel, yenye vivuli vya kijivu laini kama shingo ya njiwa." Nilicheka. Nikamwambia shangazi, mtu huyu ameandika akiwa mgahawani. Kijivu gani?

Jana akaja Daktari Auzoux kunifungua mbao. Alikuwa Paris wiki iliyopita. Anasema, "Hongera, Bi Honorine. Nilifurahi kuona umeacha ule ukaidi wa buluu." Nikamuuliza, ukaidi ameuacha nani? Akasema, "Basi picha imetulia, imekuwa ya mtu mzima." Nikamuuliza vivuli vina rangi gani. Akaniangalia kama naweweseka. "Rangi ya vivuli," akasema.

Mtu mmoja naweza kusema ni kipofu. Wawili, sijui. Je, wameining'iniza juu mno? Wameipaka kitu? Kuna picha nyingine yenye jina langu? Nijibu siku hiyo hiyo utakayoisoma barua hii. Natembea kwa fimbo, nazunguka jikoni kama mbwa aliyefungwa.

Honorine

*

Paris, 30 Mei 1873

Honorine,

Imetundikwa juu, safu ya tatu, na mwanga wa ukumbi ule unapita kwenye kitambaa kilichotandazwa darini. Hata tufaha jekundu humo linakuwa uji. Usiwape uzito watu wa magazeti.

Na nina habari ambayo itakutuliza: imenunuliwa. Mnunuzi ni Bwana Anthime Lecointe, mwanasheria mstaafu wa Rouen. Ataichukua maonyesho yatakapofungwa mwisho wa Juni. Una jina, una mnunuzi. Sasa pumua.

Firmin

*

Rouen, 3 Julai 1873

Nimeiona.

Nimesafiri kwa treni na fimbo yangu hadi kwa Bwana Lecointe, nikisema napenda kuiaga. Imetundikwa juu ya meza ya chakula. Jina langu lipo. Mitufaha yangu ipo. Mwanamke wangu yupo. Theluji si yangu.

Hakuna mtu mwingine duniani anayeweza kuifuata brashi yangu kwa karibu vile na kuizima.

Andika.

H. Quesnel

*

Paris, 6 Julai 1873

Honorine,

Ni mimi. Tangu Machi nimeandika barua hii mara nyingi, zikaishia motoni.

Uliniambia kwamba ukikataliwa mara ya nne utaacha. Niliijua picha ile tangu nilipofungua kamba: wangeikataa kabla hawajafika mbele yake. Nikaona Évreux, nikaona watoto arobaini na maua ya vitabuni. Nikasema, siku sita, mkono wangu unaweza. Nilivifunika vivuli kwa kijivu, nikaziunganisha alama za brashi mbele, nikaipoza anga. Basi. Nilikuwa nakunusuru.

Na nisikilize: chini ya kazi yangu niliweka vanishi, tandiko jembamba, kama ninavyofanya kwenye picha za makanisa. Yako ipo chini, nzima. Pamba na tapentaini na kidogo cha spiriti vitaitoa yangu bila kugusa yako, mradi isipite miaka ikakauka kama mfupa. Sikuiharibu. Niliifunika tu.

Nilitaka ubaki mchoraji.

Firmin

*

Vaumesnil, 13 Julai 1873

Bwana Babelet,

Barua yako niliisoma mara moja, nikaenda kwa mfamasia kununua spiriti, na kesho yake nilikuwa tena kwa Bwana Lecointe. Sikumwandikia kuomba. Nilibisha mlango.

Walikuwa wanakula, yeye na mkewe. Nikawaambia: picha mliyonunua si yangu yote, mtu ameipaka juu. Mzee aliweka uma chini. "Bibie," akasema, "mimi nilinunua picha, sikununua kesi. Kesi nilizimaliza mwaka juzi." Nikamwambia nitamwonyesha. Akadhani namtania. Nikapanda kiti na mguu wangu huu, nikalowesha pamba, nikaanza kusugua pembeni kulia, chini ya mtufaha wa mwisho.

Mkewe akapiga ukelele: "Anthime! Anafuta theluji yetu!"

Sikusimama. Pamba ilitoka ya kijivu, kisha ya kahawia ya vanishi, kisha safi. Sehemu ya ukubwa wa sahani ilifunguka, na buluu ikatoka, Firmin, ikatoka kama mtu aliyezamishwa anapopata pumzi. Nilishuka nikaketi sakafuni kuitazama.

Mzee alivaa miwani. Akasogea, akarudi nyuma, akasogea. Akaniambia kwa adabu sana, "Inanipigia kelele, bibie. Nitakula vipi chini ya kitu hiki?" Kisha akaonyesha kijivu kilichobaki: "Huyu aliyepaka hapa ni nani? Huyu anajua mimi ninavyoamka asubuhi."

Umesikia? Walichokipokea majaji ni chako. Aliyesifiwa gazetini ni wewe. Mzee huyu amekununua wewe. Na mimi, nilipokuwa kitandani nikichoma tyubu ya nyeusi na kujiona nimeibadili dunia, hakuna mtu hata mmoja aliyekuwa ameniona. Nimeikataa kazi ya pekee niliyopewa kwa ajili ya makofi yaliyopigiwa mkono wako. Masista wameshamchukua binti mmoja wa Lisieux.

Usiniambie ulikuwa unaninusuru. Mtu anayenusuru huuliza kwanza. Siku sita ilikaa na wewe. Siku sita! Niambie ukweli wake.

Honorine Quesnel

*

Paris, 27 Julai 1873

Honorine,

Ukweli, basi. Umenichukua wiki mbili.

Niliiegemeza ukutani, katikati ya picha ninazosafisha. Siku ya kwanza nilifurahi. Siku ya pili nilimgeuza mtakatifu aangalie ukuta, maana pembeni yake alionekana kama aliyejisaidia nguoni. Siku ya tatu nikaona kwamba si mtakatifu tu. Meza yangu, pazia, mikono yangu, kila kitu kilikuwa na rangi ya mchuzi wa jana. Nilifungua dirisha nikatazama ua, pale ninapopatazama kila siku, na kivuli cha pipa la maji kilikuwa buluu. Kimekuwa buluu miaka yote hiyo tisa.

Nilikunja turubai zangu za zamani mwaka ule nilioacha kupaka kwa sababu niliamini nimefika mwisho wa kinachowezekana. Hiyo ndiyo ilikuwa amani yangu. Picha yako ikaja ikakaa chumbani kwangu na kuniambia kwamba sikufika popote, niligeuka nyuma tu, njiani. Sikuweza kulala nayo chumba kimoja. Siku ya nne nilichukua brashi nikajiambia, ni kwa ajili yake, kwa ajili ya Évreux. Na niliposhika brashi nilijua vizuri kwamba ni kwa ajili yangu. Kila kivuli nilichokizima, moyo ulitulia kidogo.

Hiyo ndiyo sababu. Ile ya Évreux ilikuwa kweli pia, lakini ilikuja ya pili.

Sikuombi kitu.

Firmin

*

Vaumesnil, 2 Agosti 1873

Firmin,

Hiyo nimeiamini.

Shangazi ananiambia niende polisi, kasisi ananiambia nisamehe. Sina nguvu ya hilo la kwanza, na la pili halijaja. Likija nitakwambia, lisipokuja hutalisikia kwangu.

Bwana Lecointe ameniandikia. Mkewe hawezi kula mbele ya kiraka cha buluu, na yeye hawezi kukiacha kile kijivu. Anasema haya: atanirudishia theluji yangu, picha kwa picha, siku atakapopata nyingine iliyotoka kwenye mkono ule aliouona. Hataki nakala ya theluji. Hataki picha yangu iliyotulizwa. Anataka yako, mwanzo hadi mwisho, juu ya turubai tupu.

Basi upake. Usinakili mtu. Utoke nje, ukae kwenye baridi au mvua kama tunavyokaa wengine, utazame. Ukimaliza, uipeleke Rouen mwenyewe, na utoe ulichokiweka juu ya picha yangu kwa mikono yako. Nina njaa ya kukifuta mimi, lakini mguu unatetemeka na ninaweza kuvuka hadi kwenye rangi yangu. Wewe mkono wako ni mwepesi, tumeuona.

Mpaka hapo usiniandikie.

Honorine

*

Paris, 9 Novemba 1873

Honorine,

Nimemaliza, kwa hiyo naandika.

Nilianza Agosti, ukingoni mwa mto, chini ya daraja ambalo mashua za mchanga hufunga kamba. Siku ya kwanza niliganda mpaka adhuhuri sijafungua hata tyubu moja. Askari alinipita mara tatu, akasema, "Bwana, mto huo hautatoroka." Nilirudi nyumbani kwa haya. Nikaenda tena. Turubai kumi na moja nilizikwangua kwa kisu. Nilitaka kupaka buluu yako, na kila mara ilitoka buluu ya mtu mwingine, kama nimevaa suruali ya jirani.

Oktoba mvua zikaanza, na siku zikawa za kijivu tupu. Nikasema, haya sasa, hapa ni kwangu. Nikachanganya kijivu changu cha chumbani, nyeusi na nyeupe, kile nilichoifunikia picha yako. Nikakipaka, nikainua macho, Honorine, hakikuwepo popote. Mto ulikuwa na waridi ndani yake, na kijani cha chupa, na kitu kama rangi ya ukucha. Anga ilikuwa na manjano. Hapakuwa na nyeusi hata tone. Maisha yangu yote nimekuwa mtu wa kijivu, na sikuwahi kukitazama. Nilitaka kukimbia. Mvua ilikuwa inanipiga shingoni, rangi zinateleza, mashua ile ikaondoka kabla sijaimaliza, ikaja nyingine nikaipaka juu yake. Nilimaliza kwa siku tatu. Alama za brashi zimebaki kama zilivyoanguka.

Niliipeleka Rouen nikidhani Bwana Lecointe ataikataa. Aliiweka kwenye kiti, akavuta kiti kingine akakaa mkabala, kama watu wawili wanaosubiri kinywaji. Mwishowe akamwambia mkewe, "Ndiye yeye. Ila sasa ameamka mapema zaidi." Mkewe akainama akaiangalia kona zote. "Bwana," akaniuliza, "jina liko wapi?"

Sikuwa nimetia sahihi. Haikunijia hata akilini. Picha ninazoshika huwa zina majina ya watu tayari. Walinipa brashi na mimi nikasimama palepale mezani kwao, miaka tisa, sikumbuki nilikuwa nikiliandikaje. Bi Lecointe akasema taratibu, "Babelet, kwa B." Nikaliandika.

Kisha nikaishusha yako, nikailaza mezani, nikafanya kazi siku mbili. Imetoka yote. Sehemu mbili, kwenye anga juu ya mtufaha wa kushoto, ncha za rangi yako nene zilitoka na pamba, kila moja ukubwa wa punje ya dengu, na kitambaa kinaonekana. Ninajua kuzijaza zisionekane na mtu yeyote. Sikuzijaza.

Imeondoka leo kwa treni kuja kwako. Watu kadhaa hapa Paris wanazungumzia kukodi vyumba masika ijayo, kutundika picha bila majaji wowote. Niliwaambia kuna theluji wanapaswa kuiona. Jibu nimewaambia watalipata kwako.

Firmin Babelet

*

Vaumesnil, 12 Novemba 1873

Firmin,

Imefika. Shangazi ameipanguza fremu, akakaa mbele yake, akasema, "Sasa naona. Ngumi zilikuwa za baridi." Nimezitafuta zile sehemu mbili, nimezipata, zitabaki hivyo hivyo. Waambie watu wa vyumba kwamba nitakuja nayo mwenyewe.

Nisikilize, siandiki barua ndefu, viatu viko miguuni. Mto umefurika tangu jana. Maji yameingia hadi kwenye mashamba ya mitufaha, miti imesimama ndani yake kiunoni, na jua linatoka na kuzama mawinguni kila baada ya dakika kumi. Rangi yake siijui jina. Nimejaribu tangu asubuhi, nimeshindwa mara nne. Panda treni ya keshokutwa saa moja na nusu. Ukichelewa yatakuwa yameshuka.

Honorine